Lengo Moja la Pontien

Pontien alikuwa na lengo moja tu maishani, nalo lilikuwa kumwona Obadia akikosa watu wa kumzikia mama yake.

Lisemwe wazi hivyo hivyo, maana wapo watakaotaka kulipaka sukari. Wengine pale kijijini, kwenye vilima vya Mwese, walitaka bati, wengine pikipiki, wengine walitaka mtoto afike chuo. Pontien alitaka siku moja: siku ambayo Obadia atatoka nje ya nyumba yake, maiti iko ndani, ageuke kushoto na kulia, asione mwanamume hata mmoja aliyebeba jembe begani. Na cha ajabu ni kwamba aliyemfundisha kuwa na lengo, tena kulitumikia bila kuchoka, alikuwa Obadia huyo huyo.

Walikuwa wamekua pamoja. Mama yake Pontien alipolazwa Mpanda, akakaa huko mpaka watu wakaanza kumzungumzia kwa sauti ya chini, mtoto aliletwa kwa Felista, mama yake Obadia. Felista hakuuliza atakaa mpaka lini. Aliongeza maji kwenye sufuria ya ugali, akaongeza unga, basi. Wale watoto wawili walikula sahani moja na kugombania mkeka mmoja, na mwenye kosa alipojificha, alichapwa aliyekuwa karibu.

Wakawa watu wazima, wakaoa. Siku moja Obadia akaalikwa semina ya wakulima huko mjini, mtaa wa Shanwe. Aliondoka mtu wa kawaida, akarudi na saa mkononi na mdomo usiopumzika.

"Lengo moja!" alikuwa akiwaambia watu kwenye kilabu cha pombe, yeye mwenyewe anakunywa soda. "Ukiwa na malengo kumi, huna hata moja. Chagua moja, ulipe muda wako, uwe na ratiba. Kila siku ulisogeze, hata kidogo. Na chochote kitakachokuja kukuvuta shati, kikatae, hata akija ndugu yako. Nyie mnapoteza muda mpaka huruma."

Watu wakacheka. Pontien ndiye aliyecheka kuliko wote, akamwita Meneja. Obadia hakujali. Alichukua mkaa, akaandika kwenye ukuta wa jiko lake la udongo: NYUMBA YA TOFALI KABLA YA MVUA. Tangu hapo ukitaka kumwona ilibidi umfuate machimboni anakofyatua matofali, na ukimfuata alikusikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

Hayo yote Pontien angeyasamehe. Tatizo ni kwamba baba yake, mzee Thadei, alifariki wakati wa kuvuna maharage.

Pale kijijini msiba ukitangazwa, hakuna anayekwenda shambani. Hakuna sheria ya serikali inayosema hivyo, lakini jaribu uone. Wanaume wanabeba majembe na masepetu, wanakwenda kuchimba. Mfiwa mwenyewe hagusi jembe. Anaketi kwenye benchi anapokea pole, na kazi yake nyingine, ambayo hakuna anayeikiri, ni kuangalia nani amekuja na nani hakuja.

Pontien aliangalia. Walikuja mpaka wale waliogombana na mzee kwa ajili ya mipaka ya shamba. Akaja mama Felista na mkeka wake kwapani, uso umeshavimba kwa kulia, akaingia ndani kwa wanawake. Obadia hakuwepo.

"Mwenzangu yuko wapi, mama?" Pontien aliuliza.

Felista alitazama chini. "Amesema atakuja Alhamisi, mwanangu. Leo amesema ni siku ya tanuru."

Na kweli, kwenye kilima cha ng'ambo, moshi wa tanuru la matofali ulikuwa unapanda. Waliokuwa wanachimba kaburi la mzee Thadei waliuona. Kila aliyetoka shimoni kupumzika alifuta jasho, akautazama, halafu akamtazama Pontien. Wapo waliojaribu kumtetea Obadia, wakasema tanuru likishawashwa haliachwi, litaharibika lote. Ni kweli. Lakini mbiu ya msiba ilipita alfajiri, na moshi ule ulianza kuonekana jua limeshapanda. Mtu aliisikia mbiu, akasimama mbele ya kuni zake baridi, akafikiri, ndipo akawasha kiberiti.

Alhamisi alikuja, kama alivyoahidi. Aliketi, akatoa pole, akamsifu marehemu vizuri tu. Kisha akatazama saa. "Ndugu yangu, fundi ananisubiri. Tutaongea."

Pontien alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba. Hasira ile haikuwa ya kelele. Ilikaa kifuani imetulia, na Pontien akajua kwamba amepata lengo.

Tumpe haki yake: katika wote waliosikia mahubiri ya Obadia pale kilabuni, hakuna aliyeyashika kama Pontien. Alichagua moja. Akalipa muda. Kwanza alihakikisha anakuwa mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana, cheo ambacho watu hukikimbia kwa sababu kina lawama nyingi. Kisha kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, na mara nyingi badala ya kwenda shambani, alipita nyumba ya mwanamume mmoja. Angeketi, angeuliza habari za watoto na mihogo, halafu taratibu angefika alikotaka kufika.

"Mimi sisemi kwa ubaya. Nauliza tu. Mtu asiyewachimbia wenzake, achimbiwe na nani?"

Msimu ukapita, wa pili ukaingia, naye hajaacha. Mkutano ulipoitishwa, wanaume wote waliinua mikono: Obadia hatachimbiwa, wala mwanamume wa kikundi hatakanyaga kwake.

Kila kilichokuja kumvuta shati, Pontien alikikataa. Mdogo wake wa kike aliolewa Ilembo, hakwenda, kwa sababu Jumamosi ile alikuwa na mazungumzo na vijana wawili waliokuwa wanalegea. Miche ya kahawa aliyopewa na bwana shamba ilikaukia kwenye viroba vyake nyuma ya nyumba. Bati likatoboka juu ya kitanda cha watoto.

"Baba Upendo," mkewe Theopista alimwambia siku moja, "magugu yanatumeza. Mwenzako ana maharage yamefika kiunoni, sisi hatujapalilia hata mara moja."

"Palizi itasubiri."

"Haisubiri palizi. Unajua mwenyewe."

"Theopista, usinivurugie ratiba yangu."

Alisema hivyo kweli. Alilitamka neno lile la Obadia na wala hakushtuka.

Ng'ambo, nyumba ya tofali ikasimama. Ikapata madirisha ya vioo, ikapata tangi la maji. Na jambo lililomchoma Pontien kuliko yote ni kwamba Obadia hakuonekana kuumia. Hasalimiwi, hasalimii. Anaachwa peke yake, anafanya kazi peke yake. Barabara ilipoanza kutengenezwa kule chini, akaenda kuwauzia mafundi mboga na viazi, akafanya nao urafiki. Unamtenga mtu, naye anashukuru kwa kupunguziwa wageni! Pontien alikuwa anaamka usingizini kwa hasira hiyo. Alibaki na tumaini moja, nalo lilikuwa limelala ndani ya ile nyumba ya tofali, linakohoa. Mama Felista alikuwa anazeeka.

Wanawake waliendelea kumtembelea, Theopista akiwamo. Mvua zilipokuwa zimekolea, alirudi kutoka huko akakaa mlangoni bila kufungua kitenge cha kichwani.

"Mama Felista anakuita."

Pontien alikuwa ananoa panga. Hakuacha.

"Anasema uende akuone tu. Hana ugomvi. Amesema, mwambie yule mtoto wangu mwingine aje nimshike mkono. Hafiki mbali yule mama, baba Upendo. Miguu imeshavimba."

Hapo kuna jambo lilimgusa Pontien, tusimsingizie. Mkono ulisimama juu ya jiwe. Alikumbuka harufu ya moshi wa jiko lile na vidole vya mama yule vikimtoa funza mguuni. Lakini kuingia kwa Obadia? Yeye mwenyekiti, aliyewaapisha wenzake wasikanyage? Kazi yote ile, nyumba kwa nyumba, aimwage mlangoni kwa adui kwa sababu ya machozi?

"Mwambie ratiba yangu haijaruhusu," alisema.

Theopista akainuka akaenda jikoni. Ujumbe ule hakuupeleka. Alimwambia mama wa watu kwamba Pontien yuko safarini, na Felista akafa akiamini hivyo.

Mbiu ilipolia, Pontien alifurahi. Ndiyo, alifurahi, alikuwa amekesha anaisubiri. Alioga, akanyoa ndevu, akavaa koti lake la misiba. Akawapitia wanaume mmoja mmoja kuhakikisha hakuna jembe linalotoka nyumbani. Kisha akawaongoza mpaka kwenye mteremko mkabala na nyumba ya Obadia, nje kidogo ya mpaka wake, wakaketi kwenye nyasi mikono mitupu. Wajomba wa Obadia walikuwa Kigoma, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Obadia alizaliwa peke yake. Pontien alikuwa ameyapigia hesabu yote hayo zamani.

Obadia alitoka nje. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Ilikuwa kama vile Pontien alivyoiona kichwani mara nyingi, tena nzuri zaidi, kwa sababu Obadia alikuwa hajavaa viatu. Alivuka ua, akapanda mpaka walipoketi, akasimama mbele ya Pontien.

"Ni mama, Pontien."

"Najua."

"Mimi nina kosa. Nimelibeba. Lakini huyu ni mama."

"Pole sana," Pontien alisema. Alikuwa amelitunza jibu lake siku zote hizo na sasa lilitoka laini. "Alhamisi nitakuja."

Wanaume wawili watatu walicheka puani. Wengine waliinamisha vichwa. Obadia aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelekezwa njia, akageuka, akateremka akielekea barabarani. Pontien alijinyoosha kwenye nyasi. Akamwona katika mawazo akirudi na kuomba tena, safari hii amepiga magoti.

Alirudi amepanda kijiko.

Ilisikika kabla ya kuonekana, ile mashine ya njano ya kuchimbia mitaro ya barabara, inanguruma inapanda kilima huku inang'oa migomba ya pembeni. Dereva alikuwa mmoja wa wale waliokula viazi vya Obadia. Alionyeshwa mahali, akauliza upana na kina, akashusha mkono wa chuma. Shimo ambalo wanaume wa kijiji wangelitolea jasho mpaka mchana, wakipokezana na kutaniana, lilikuwa limekwisha kabla chai ya wafiwa haijachemka.

Na wale wanaume wake Pontien? Walisahau kununa. Mmoja mmoja walijisogeza, wakavuka mpaka bila kujua, wakashangaa jinsi kingo zilivyonyooka. "Hii ingekuja kwenye lile shimo la choo changu," alisema mmoja, naye ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Pontien alibaki kwenye nyasi. Alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Muda wake wote, kahawa yake, harusi ya mdogo wake, vyote vilikuwa vimekwenda kujenga siku hii, na mashine ya watu imeimaliza akiwa anaitazama. Obadia alikuwa na mpango mwingine. Daima alikuwa na mpango mwingine!

Ila kuna kazi moja ambayo kijiko hakikuwa nayo. Jeneza lililetwa kwenye mkokoteni, Obadia akivuta, mkewe Dorice akisukuma. Katekista akasoma sala. Kisha akafunga kitabu, akasubiri wale wanaume wanne wa kushika kamba, na wawili wa kuingia kaburini kumpokea marehemu asitue kwa kishindo. Hakuna aliyekuja.

Dereva alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa pale, alitaka kusaidia. "Mzee, mimi na wewe wawili hatutaweza. Tufanye hivi, nifunge minyororo kwenye kijiko nimshushe nayo. Kalavati nashusha hivyo hivyo kila siku."

Wanawake waliokuwa wamejaa barazani waliguna kwa pamoja. Obadia aliitazama minyororo, ina grisi na udongo. Akainua macho akamtafuta Pontien, akampata.

Pontien alikuwa ameinuka. Sasa hivi, hapo hapo, furaha ilimrudia yote kwa mkupuo. Mashine haikuwa imemnyang'anya kitu, ilikuwa imemwongezea. Yule mwenye kujua kupanga kila kitu alikuwa amesimama na mama yake kwenye mkokoteni, na neno moja la mwenyekiti lingewafanya wanaume wote wale waruke kushika kamba. Walikuwa wanalisubiri. Wengine walishaanza kukunja suruali. Pontien aliwaona, akawatolea jicho mpaka wakazikunjua.

"Washa mashine yako, dereva," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Huyu bwana hapendi kupotezewa muda."

Dereva akapanda akawasha. Moshi mweusi ukatoka. Obadia aliziba uso kwa viganja vyote viwili, akalia kwa sauti, kilio cha mtoto, na Pontien akasimama akikisikiliza. Hakutaka kiishe.

Katika mipango yake yote kulikuwa na kitu kimoja ambacho Pontien hakukifikiria, na hata mwingine yeyote wa kijijini pale asingekifikiria. Kaburi ni la wanaume. Wanawake hupika, hulia, hukaa ndani. Hawachimbi, hawashushi, husogea shimo likishafukiwa. Kwa hiyo hakuna aliyewaita mkutanoni, hakuna aliyewaapisha. Katazo lilikuwa la wenye majembe.

Theopista alishuka barazani. Alitembea bila haraka, akapita katikati ya wanaume kama anapita kwenye mahindi, akafika kwa dereva akapiga ubavu wa mashine kwa kiganja.

"Zima."

Dereva akazima.

"Dorice, shika kamba hiyo. Na wewe Suzana, njoo huku. Nyie wengine mnangoja nini?"

Wakaja. Wakaja wote, wajawazito na vikongwe, wamejifunga vitenge viunoni. Katekista alifungua mdomo, akaufunga. Theopista alikaa kwenye ukingo wa kaburi, akatupa kandambili pembeni, akajiachia ndani mpaka akabaki kichwa tu. "Mshusheni mama yetu. Taratibu. Upande wa miguu umetangulia, inueni. Shemeji Obadia, acha kulia, shika huku." Jeneza likateremka likiyumba kwenye mikono isiyozoea, na Theopista akalipokea chini kwa mikono yake miwili kama mtu anayepokea mtoto usingizini. Halikugonga.

Kisha wakafukia kwa viganja, kwa mabeseni, kwa sufuria zilizokuwa zimeandaliwa kwa ugali. Hapo wanaume walishindwa kuvumilia. Mmoja alipiga magoti akaanza kusukuma udongo kwa mikono. Akafuata yule wa shimo la choo. Baada ya muda kidogo hakuna aliyekuwa amesimama isipokuwa mwenyekiti ndani ya koti lake la misiba.

Theopista alikuwa amebaki shimoni akisawazisha udongo kwa miguu, na sasa alikuwa anajipandisha kutoka, nusu ya udongo imeshaingia, miguu inateleza. Pontien alijikuta amesogea, amenyoosha mkono amvute. Ni mkewe. Mtu humvuta mkewe.

Theopista aliutazama mkono ule. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa udongo na njia mbili za machozi katikati.

"Aliniuliza umerudi safari," alisema. Hakupaza sauti, lakini watu waliacha kufukia. "Siku ya mwisho. Nikamwambia uko njiani unakuja. Akasema basi msifunge mlango."

Pontien aliurudisha mkono.

"Sasa nisikilize vizuri, baba Upendo, na hawa wote ni mashahidi. Nikifa mimi, kaburini atashuka Obadia. Wewe baki hapo hapo ulipokuwa umesimama."

Akampa Dorice mkono, akavutwa juu, akaenda kunawa na wanawake wenzake.